Homoni za msongo na askari wa mwili: Ugonjwa wa MS na funzo la Kwale

Na MWANDISHI WETU

MOYO hudunda kwa kasi, kinywa hukauka na viganja hutoa jasho. Mkazi wa Ukunda anayepigiwa simu usiku wa manane na kuambiwa kwamba nduguye amepata ajali huijua hali hiyo bila ya kufundishwa na daktari. Asichokijua, pengine, ni kwamba katika dakika hiyo hiyo habari huwa imewafikia pia askari wa mwili wake. Askari hao ni seli nyeupe za damu, nazo pia husikia.

Kila seli ya kinga ina sehemu maalumu za kupokea ujumbe wa homoni, ambazo wataalamu huziita vipokezi. Homoni isiyo na kipokezi ni kama mbiu ya mgambo inayolia kijiji kizima kikiwa usingizini: sauti ipo, lakini hakuna anayetoka nje.

Kwa miaka mingi wanasayansi walishughulika kupima wingi wa homoni za msongo katika damu ya wagonjwa. Ugonjwa mmoja wa ubongo na uti wa mgongo, maltipo sklerosisi, ambao madaktari huutaja kwa herufi MS, ni miongoni mwa maradhi yaliyowalazimu kuuliza swali jingine: je, seli za kinga zinaisikia homoni hiyo? Jibu lina maana kwa mgonjwa wa MS popote alipo. Lina maana ya pekee katika Kaunti ya Kwale, ambako minyoo, kinga ya mwili na dawa zinazoiga homoni ya msongo huweza kukutana ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Makovu mengi

Mishipa mingi ya fahamu hufunikwa na utando wa mafuta na protini uitwao mayelini. Kazi ya utando huo yafanana na ya plastiki inayofunika waya wa umeme. Kwa mgonjwa wa MS, seli za kinga, hasa zile ziitwazo seli T na seli B, huvuka ukuta unaoutenga ubongo na damu, kisha huushambulia utando huo kana kwamba ni adui. Ujumbe unaotoka kwenye ubongo huchelewa au hukatika njiani. Mahali palipojeruhiwa hubaki na kovu gumu, na jina la ugonjwa huu maana yake ni ugumu, au makovu, ya sehemu nyingi.

Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeueleza kwa kina mwaka 1868 jijini Paris. Dalili zake hutegemea mahali palipojeruhiwa. Jicho moja huweza kufifia huku likiuma likisogezwa. Mkono au mguu hufa ganzi, miguu hulegea, kizunguzungu humjia mtu bila ya sababu, mkojo hauzuiliki, na uchovu humlemea hata baada ya kulala usiku kucha. Wagonjwa wengi huanza kuugua wakiwa kati ya umri wa miaka 20 na 40, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Kwa walio wengi ugonjwa huja kwa vipindi: dalili huzuka kwa siku au wiki kadhaa, hupungua, kisha baada ya miezi au miaka huzuka tena.

Hesabu ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi na MS. Ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, kama zile za Ulaya ya Kaskazini na Kanada. Pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani na Msambweni hadi Vanga, iko karibu nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na huku ugonjwa ni nadra.

Nadra, hata hivyo, si kutokuwepo. Mwaka 1970 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha ripoti ya MS kwa Mwafrika, na mwaka 2001 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha makala kuhusu sura ya ugonjwa huu nchini Kenya. Tangu mashine za kupiga picha za MRI ziingie katika hospitali za miji mikubwa, wagonjwa ambao zamani wangekufa bila ya ugonjwa wao kupewa jina sasa huweza kutambuliwa.

Barabara mbili za habari

Mtu anapopatwa na hofu au dhiki, ubongo hutuma habari kwa barabara mbili.

Ya kwanza ni ya haraka. Mishipa ya fahamu humwaga noradrenalini, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Kazi hiyo huchukua sekunde chache. Mishipa hiyo haiishii kwenye moyo na tumbo peke yake, bali hufika pia kwenye wengu na kwenye matezi ya kinga, ambako seli nyeupe hukusanyika. Vipokezi vya homoni hizi hukaa juu ya ngozi ya seli, mithili ya kengele ya mlangoni.

Ya pili ni ya polepole. Sehemu ya chini ya ubongo huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi za juu ya figo zitoe kotisoli. Homoni hii haigongi mlango. Kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, hupenya na kuingia ndani ya seli, na humo hukutana na kipokezi chake. Viwili hivyo vikishikana huingia hadi katika kiini cha seli, mahali zinapokaa jeni, na kuzima zile zinazochochea uvimbe. Seli T iliyokuwa tayari kushambulia hutulia, na nyingine hufa.

Watu wengi hudhani kwamba kotisoli ni sumu ya msongo. Sivyo. Kwa seli za kinga, kotisoli ni breki. Hupanda alfajiri na kushuka usiku, na bila ya hiyo mwili ungejiunguza wenyewe kila unapopata jeraha au homa. Nguvu ya breki hiyo ilidhihirika mwaka 1948, pale Philip Hench wa Marekani alipomdunga mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya jamii hiyo, naye akapata nafuu kubwa katika muda wa siku chache. Mwaka 1950 Hench alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Kipokezi chenyewe kilichelewa kujulikana vyema: jeni yake ilisomwa mwaka 1985 katika Taasisi ya Salk, jimboni California.

Sikio la kufa

Ikiwa kotisoli ni breki, na ikiwa wagonjwa wengi wa MS wana kotisoli ya kutosha, au hata iliyozidi kidogo kiwango cha kawaida, kwa nini basi seli zao za kinga haziachi kushambulia?

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi walichukua damu ya wagonjwa wa MS ya vipindi na ya watu wazima wa afya, wakazitia seli hizo katika dawa inayofanana na kotisoli, na kupima jinsi zilivyotulia. Seli za wagonjwa zilikuwa nzito wa kusikia. Haikuwa lazima idadi ya vipokezi ipungue. Kasoro yaweza kuwa katika jinsi kipokezi kinavyoishika homoni, au katika kazi inayofuata baada ya kushikana.

Ukiziwi huo huweza kutokea pia kwa mtu asiye na MS. Mwaka 2012 Sheldon Cohen na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 276 wenye afya, ambao kwa hiari yao walitiwa virusi vya mafua puani. Waliokuwa wameishi katika dhiki ya muda mrefu waliugua zaidi. Sababu haikuwa wingi wa kotisoli katika damu yao, bali seli zao zilikuwa zimezoea kelele na hazikuitii tena homoni ilipoamuru uvimbe upoe. Mtu aliyezoea kuishi kando ya kinu cha kusaga nafaka hatashtushwa na mlio wake, na seli nazo zina mazoea ya namna hiyo.

Upande wa adrenalini mambo yamekaa kinyume. Watafiti wa Chicago waliripoti mwaka 1990 kwamba aina fulani ya seli T za wagonjwa ambao MS yao inazidi polepole zilikuwa na vipokezi vingi kuliko kawaida, kana kwamba zilitega sikio kusubiri ujumbe usiofika. Kisha mwaka 1999 Wadachi waliokuwa wakichunguza ubongo wenyewe waligundua kwamba seli za umbo la nyota, ambazo huilisha na kuilinda mishipa ya fahamu, hazikuwa na vipokezi hivyo kwa wagonjwa wa MS. Seli iliyokosa kipokezi cha noradrenalini hushindwa kuzuia uvimbe ulio jirani yake.

Ugunduzi huo ulizaa jaribio la ajabu. Salbutamoli, dawa ile ile ambayo wagonjwa wa pumu huivuta, hufanya kazi kwa kukibonyeza kipokezi hicho. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya kuwapa wagonjwa 44 wa MS dawa hiyo, au kidonge kisicho na dawa, pamoja na tiba yao ya kawaida. Waliopewa salbutamoli walichelewa zaidi kupata kipindi kipya cha ugonjwa, lakini nafuu katika uwezo wa viungo haikudumu hadi mwisho wa miaka miwili. Salbutamoli haikuwa tiba ya MS, ila jaribio lilionyesha kwamba vipokezi hivi si hadithi ya maabara tu.

Je, msongo huleta MS?

Swali hili huulizwa na kila mgonjwa na kila jamaa yake, na majibu mabaya huwa na madhara. Mama aliyepatwa na MS baada ya kufiwa huambiwa kwamba amejiletea mwenyewe kwa kuwaza sana. Huko ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kuhusu chanzo ulitolewa mwaka 2022. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipitia kumbukumbu za damu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 na kuonyesha kwamba hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivi vimeenea ulimwenguni kote, na wengi wetu huvipata bila ya kujua. Ni sharti basi yawepo mambo mengine pamoja navyo: urithi wa jeni, upungufu wa jua na vitamini D, uvutaji wa sigara. Hakuna ushahidi wa namna hiyo kwamba dhiki peke yake huzaa ugonjwa huu.

Kuchochea kipindi kipya kwa mtu ambaye tayari anaugua ni jambo jingine. Mwaka 2004 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 14, na matokeo yakawa kwamba matukio ya dhiki katika maisha huambatana na kuzuka upya kwa dalili. Lakini si dhiki zote ni sawa. Wakati wa vita vya Ghuba vya mwaka 1991, makombora yalipokuwa yakianguka Israel, wagonjwa 32 waliofuatiliwa huko walipata vipindi vichache kuliko kawaida. Katika vita vya mwaka 2006 kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, vipindi viliongezeka.

Elimu ya vipokezi huweza kusaidia kuufahamu mkanganyiko huo. Hofu kali na fupi humwaga kotisoli nyingi kwa seli ambazo bado zinasikia, na breki hushika. Dhiki inayorudi kila siku huzifanya seli ziwe sugu. Maisha ya watu wa kawaida yana dhiki ya namna hii ya pili. Watafiti waliopima mate ya wakulima maskini nchini Kenya waliripoti mwaka 2013 kwamba kotisoli yao ilipanda mvua ilipokosekana. Wakazi wa Kinango wanaongoja mvua, na wale wa Diani waliopoteza kazi za hoteli mwaka 2020 wakati wa korona, hawahitaji kuelezwa dhiki ya muda mrefu ni nini.

Je, dhiki ikipunguzwa, ubongo hunufaika? Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 liliwashirikisha wagonjwa 121 wa MS. Waliofundishwa kwa wiki 24 namna ya kukabiliana na msongo walipigwa picha za MRI pamoja na wenzao waliokuwa bado wakingoja zamu. Asilimia 77 ya waliofundishwa hawakupata jeraha jipya la uvimbe, ikilinganishwa na asilimia 55 ya wenzao. Mafunzo yalipokoma, faida nayo ikatoweka.

Funzo la ujauzito

Mfano mwingine wa homoni kuituliza kinga ni ujauzito. Utafiti wa nchi 12 za Ulaya uliochapishwa mwaka 1998 uliwafuatilia wanawake 254 wenye MS. Katika miezi mitatu ya mwisho kabla ya kujifungua, vipindi vya ugonjwa vilipungua kwa takriban asilimia 70. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua viliongezeka kupita kiwango cha kabla ya mimba.

Mwaka 2017 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walieleza sehemu ya siri hiyo kwa kutumia panya. Homoni ya mimba, projesteroni, hukitumia kipokezi kile kile cha kotisoli kilichomo ndani ya seli T. Panya walioondolewa kipokezi hicho katika seli T hawakupata kinga ya ujauzito. Mlango ni mmoja, wageni ni wawili.

Msambweni: Kinga hufunzwa tumboni

Ikiwa seli za kinga hufundishika, mafunzo huanza lini? Sehemu ya jibu ilitoka Msambweni.

Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Kenya na wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani walikusanya damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa katika eneo hilo, ambalo mama wengi walikuwa na kichocho, matende, safura au malaria. Mwaka 1997 walichapisha kwamba seli za kinga za baadhi ya watoto hao zilikuwa zimekwisha kuwatambua minyoo hata kabla ya kuzaliwa. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba watoto waliozoeshwa minyoo wakiwa tumboni waliitikia kwa udhaifu zaidi chanjo ya kifua kikuu.

Mwaka 2015 yalifuata matokeo ya wanawake wajawazito 450 wa Kenya. Karibu wanne kati ya kila watano walikuwa na angalau ugonjwa mmoja kati ya hayo manne. Watoto wa mama waliokuwa na maambukizi zaidi ya moja walitengeneza kingamwili chache baada ya kuchanjwa dhidi ya dondakoo na bakteria wa Hib, ambao husababisha homa ya uti wa mgongo na nimonia.

Mnyoo hutaka kuishi miaka mingi ndani ya mtu bila ya kufukuzwa. Ili afaulu, huziamsha seli T za kutuliza, ambazo nazo huwazuia askari wengine. Utulivu huo ni hasara kwa chanjo. Je, waweza kuwa faida kwa mtu ambaye askari wake wanaushambulia ubongo wake mwenyewe?

Madaktari wawili wa Argentina, Jorge Correale na Mauricio Farez, waliliuliza swali hilo. Waliwafuatilia wagonjwa 12 wa MS waliokuwa na minyoo na wengine 12 wasio nayo, kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Matokeo yao ya mwaka 2007 yaliwashangaza wengi: vipindi vitatu tu kwa wenye minyoo, na 56 kwa wasio nayo. Baadaye wagonjwa wanne walipopewa dawa ya minyoo kwa sababu ya kuumwa na tumbo, ugonjwa wa MS ulichachamaa.

Hata hivyo, watu 24 ni wachache mno kuwa msingi wa tiba. Nottingham, Uingereza, wagonjwa 71 walikubali kutiwa mabuu 25 ya safura kupitia ngozi, au kitu kisicho na mabuu. Kulingana na matokeo ya mwaka 2020, seli za kutuliza ziliongezeka, lakini idadi ya majeraha mapya ya ubongo haikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika kati ya makundi hayo mawili.

Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba minyoo ni kinga ya Mwafrika na iachwe. Safura humaliza damu ya mama na mtoto, kichocho huharibu kibofu na huweza kuleta saratani, na matende hulemaza. Kwale imekwisha kuonyesha kwamba minyoo hushindika. Katika utafiti wa TUMIKIA, uliofanyika katika kaunti hiyo kati ya 2015 na 2017, vijiji ambavyo watu wa rika zote walipewa dawa mara mbili kwa mwaka vilishuka kutoka asilimia 20.6 ya wenye safura hadi asilimia 6.2. Funzo la wanasayansi ni kuiga hekima ya mnyoo bila ya kumfuga mnyoo mwenyewe.

Dawa yenye makali mawili

Mgonjwa wa MS anayepatwa na kipindi kikali hupewa kwa kawaida methilipredinisoloni kwa mshipa, gramu moja kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Dawa hii ni ya jamii ya steroidi, nayo huingia kwenye kipokezi kile kile cha kotisoli. Kipimo chake hupita kwa mbali kile ambacho tezi za mtu zingeweza kutoa, na kwa seli nzito wa kusikia ni sawa na kupaza sauti. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1992 kuhusu ugonjwa wa mshipa wa jicho lilionyesha kwamba dawa hii huharakisha kurudi kwa uoni. Haibadilishi sana mwisho wa safari. Dawa za kuzuia vipindi visirudi ni nyingine, na ni ghali.

Hapa ndipo mkazi wa Kwale anapopaswa kuwa makini kuliko mkazi wa London. Yuko mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi, ambaye mabuu yake huingia mwilini kupitia nyayo zinazokanyaga udongo uliochafuliwa. Tofauti na minyoo wengi, huyu huweza kuzaana ndani ya mtu na kukaa humo kwa miongo ya miaka bila ya dalili kubwa. Mtu huyo akipewa steroidi kwa wingi, walinzi waliokuwa wakimzuia mnyoo hulala. Mnyoo huongezeka kwa kasi, husambaa hadi mapafuni na kwenye ubongo, na mara nyingi huua.

Kinga ya balaa hiyo ni rahisi. Daktari humpima mgonjwa, au humpa aivamektini, dawa ambayo maelfu ya wakazi wa Kwale waliimeza mwaka 2023 katika utafiti wa kupambana na malaria. Kidonge kimoja cha albendazoli, kile kitolewacho shuleni, hakitoshi kumwangamiza strongiloidi. Kifua kikuu kilichojificha nacho huweza kuamshwa na steroidi, na hupasa kuchunguzwa.

Kuna onyo jingine. Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa za bei nafuu, na wapo wanaozinunua bila ya cheti cha daktari ili wapate nafuu ya maumivu au wanenepe. Anayezitumia kwa majuma mengi huzilaza tezi zake za juu ya figo. Akiziacha ghafla, mwili hubaki bila ya kotisoli, na anaweza kuzimia au kufa. Dawa hizi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa maelekezo ya daktari.

Mgonjwa afanye nini?

Si kila ganzi ni MS. Miguu ikilegea, daktari wa Msambweni ana haki ya kufikiria kwanza kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho kilichofika kwenye uti wa mgongo, kaswende, VVU au upungufu wa vitamini B12, kwani yote hayo yana tiba. Upo pia ugonjwa unaofanana na MS, ambao huyashambulia macho na uti wa mgongo kwa ukali zaidi, na ambao haubagui watu wa asili ya Kiafrika. Kingamwili yake iligunduliwa mwaka 2004, na hupimwa katika damu. Kuitofautisha ni muhimu, maana baadhi ya dawa za MS humdhuru mgonjwa wa ugonjwa huo.

Kwa hiyo anayepoteza uoni wa jicho moja kwa siku kadhaa, au anayepatwa na ganzi au udhaifu wa viungo unaodumu zaidi ya saa 24, aende hospitalini hata kama hali hiyo imepungua yenyewe. Aandike tarehe ya kila kipindi na kilichomsibu, kwani kumbukumbu hiyo humsaidia daktari kuliko maneno mengi. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni aombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu, hata ikimlazimu kwenda Mombasa au Nairobi kupigwa picha ya MRI. Aseme kama amewahi kuwa na minyoo, na ataje kila dawa anayotumia, pamoja na zile za mitishamba.

Jamaa nao wana kazi yao. Pwani, mtu ambaye leo hatembei na kesho anatembea huweza kudhaniwa kuwa ana pepo, au kwamba anajifanya. Kupelekwa kwa mganga au kuombewa dua si lazima kumzuie mtu kufika hospitalini. Kinachoua ni kuchelewa. Kumwambia mgonjwa aache kuwaza hakumponyi. Kumpunguzia kazi za jua kali, kumhakikishia usingizi, kumsaidia nauli na kumwondolea ugomvi nyumbani ni sehemu ya matibabu, kwa sababu dhiki ya kila siku hufika hadi ndani ya seli zake.